Mheshimiwa Alikwenda Kunywa Kahawa

Santa Fe, 19 Januari 1967

Dada Eufelia,

Nimefika, nimeapishwa, na nimepotea. Jengo jipya la Bunge la jimbo wamelijenga duara, halina kona hata moja. Ukitoka ukumbini kwenda msalani unazunguka kama punda wa kinu mpaka unarudi ulikotoka. Jana niliingia ukumbi wa maseneta nikaketi, nikapiga makofi mara mbili kabla mtu hajanigusa bega.

Suti aliyoishona mama inanibana kwapani, lakini usimwambie. Hapa hakuna mshahara, kwa hiyo kila mtu ana kazi yake kwao: wafugaji, mawakili, mmoja anauza majeneza. Waliponiuliza yangu nikasema naendesha basi la shule. Wakili mmoja akacheka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nyumba zote za bonde letu nazijua kwa majina ya mbwa wao. Wewe wapiga kura wako unawajua kwa lipi?" Akaacha kucheka.

Nimepata rafiki, mzee Wofford Tuttle wa kule kusini, amekaa humu tangu enzi na enzi. Kanifundisha jambo. Anasema, "Kijana, kuna kura ukisema ndiyo umekwisha, ukisema hapana umekwisha. Siku hiyo shikwa na kiu." Nyuma ya ukumbi kuna chumba cha kahawa. Karani akiita jina lako nawe hupo, anaandika "hayupo", anaendelea. Mzee anaapa hajaona mtu aliyeangushwa uchaguzi na kahawa. Nimecheka mpaka machozi.

Najua nisingefika hapa bila miguu yako. Ulibisha hodi kila mlango wa bonde nami nimejificha garini kwa woga. Nitarudi kabla ya kusafisha mfereji wa maji ya mashamba. Niwekee koleo langu lile la mpini wa mwaloni, usimpe mtu.

Mdogo wako,
Onofre


Cañada Honda, 27 Januari 1967

Mheshimiwa (mama ameniamuru nianze hivyo),

Barua yako imesomwa kwa sauti jikoni, ila pale pa kwapani nilipapita. Mama anachambua mahindi makavu ya kupika na maharage na anauliza kila saa kama huko wanakupa pilipili. Nimemwambia wanakupa. Nami nasema uongo kwa ajili yako tangu ulipokuwa na miaka minne, hilo moja halitanipeleka motoni.

Kiu ya huyo mzee sijaipenda. Watu hawakukutuma ukanywe kahawa, Onofre. Kahawa ipo hapa.

Mzee don Belarmino amechaguliwa tena msimamizi wa mfereji. Yuleyule, na fimbo yake ileile ya kupimia kila mtu kipande chake cha kusafisha. Ameuliza kama mbunge atashuka mferejini na wengine au sasa mikono yake imekuwa ya karatasi. Nikamjibu, "Ngoja umwone." Usinitie aibu. Unajua watu wetu: asiyeshika koleo masika hana maji kiangazi, na asiye na maji hana neno mkutanoni, hata awe askofu.

Dada yako,
Eufelia


Santa Fe, 2 Aprili 1971

Dada,

Mwaka huu nimeshindwa kuja. Muhula wa tatu si mchezo, wamenipa uenyekiti wa kamati ya barabara. Lami itafika mpaka kanisani, nimeiona kwenye ramani kwa macho yangu. Waambie watu.

Kwa mfereji nimempanga jirani yetu Tranquilino asimame badala yangu. Desturi inaruhusu, mtu akibanwa anaweka mtu. Mwambie don Belarmino nitakuja mwakani bila kukosa.

Onofre


Cañada Honda, 11 Aprili 1971

Onofre,

Mfereji umesafishwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Kipande chetu, cha nyumba ya Abeyta, kimefanywa vizuri, don Belarmino hakuona kosa. Maji yameachiliwa leo baada ya misa.

Usishangae mwandiko. Viganja vimenichubuka kidogo, kazi za bustani.

Eufelia


Santa Fe, 9 Machi 1977

Dada mpenzi,

Utasikia redioni, heri usikie kwangu. Jana kulikuwa na muswada wa leseni za vileo. Makasisi upande huu, wenye baa upande ule, na wote wananipigia kura mimi. Nikashikwa na kiu. Kumbe Spika kaamuru milango ifungwe na kila mbunge atafutwe alipo! Walinzi wakanikuta nyuma ya jiko la kahawa, nimeshika andazi. Wakanirudisha ukumbini kila mmoja na kwapa langu, andazi mkononi, wabunge wote wamesimama wanashangilia. Ilibidi nipige kura. Hata sikumbuki nilisema nini.

Uchaguzi sita nimeshinda, dada, na mara tatu za mwisho hakuna aliyethubutu kujitokeza. Nimepanga nyumba ndogo hapa karibu na Bunge maana safari zinachosha. Tranquilino bado anaufanya mfereji? Mpe salamu, mwambie namshukuru.

Onofre


Cañada Honda, 20 Machi 1977

Mheshimiwa Andazi,

Ndivyo wanavyokuita dukani, mimi simo. Mama alicheka, kisha akauliza kama ulikuwa na njaa.

Habari yangu ni ndogo. Watu wa mfereji wameniingiza katika kamati yao ya watu watatu. Mwanamke wa kwanza. Wazee wawili walinuna, don Belarmino akawaambia wanaonuna walete makoleo yao tulinganishe makali. Basi nimeingia.

Kipande chetu kitafanywa. Usiwe na wasiwasi.

Eufelia


Cañada Honda, 25 Februari 1981

Onofre,

Leo sikuiti Mheshimiwa. Sikiliza.

Muswada wa maji tumeusikia redioni. Ukipita, mtu ataweza kuuza zamu yake ya maji peke yake bila kuuliza mfereji, na maji yakachukuliwa kwenda mji mkubwa huko chini. Wewe unayajua haya, lakini nakuandikia kana kwamba huyajui, maana siku hizi sijui unachojua. Watoto wa jirani yetu marehemu Gaspar wako Denver, koleo wameliona kwenye picha. Watauza kesho yake. Kisha nani? Mfereji unabebwa na mikono mingi, ukiachiwa watu kumi wazee utajaa mchanga kwa misimu miwili, na bonde hili litakuwa mawe na lami yako katikati.

Sijawahi kukuomba kitu kwa kiti hicho. Si kazi, si barabara, si hata barua ya kumtetea mtu. Naomba hili moja. Karani akiita jina lako, uwepo, na useme hapana.

Eufelia


Santa Fe, 4 Machi 1981

Dada,

Unanijua. Nitakuwepo na nitasema hapana. Waambie watu wote wa mfereji kwamba Onofre Abeyta amesema. Ahadi ni deni.

Ndugu yako


Cañada Honda, 22 Machi 1981

Gazeti limefika. Tumelisoma mezani kwangu, mimi, mama, don Belarmino na wenzangu wawili wa kamati. Muswada umepita kwa tofauti ya kura chache sana. Majina yamepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo hatukuhangaika kutafuta. La kwanza kabisa juu:

Abeyta, hayupo.

Don Belarmino alivaa kofia yake akatoka bila kuaga. Sijamwona mzee yule akisahau kuaga maisha yangu yote.

E.


Santa Fe, 30 Machi 1981

Eufelia,

Kabla hujanihukumu: daraja la Cañada Honda lilikuwa kwenye bajeti, na wenye bajeti ndio wenye muswada. Ningesema hapana, daraja lingekufa. Ningesema ndiyo, mngenila mbichi. Ningefanya nini? Daraja tumelipata. La saruji! Mama atavuka kwenda kanisani bila kulowa hata kama theluji ikiyeyuka yote siku moja. Na mimi sikuwapigia kura hao watu, elewa hilo. Hakuna anayeweza kusema nilisema ndiyo.

Ungekaa humu miaka kumi na minne ungejua.

Onofre


Santa Fe, 24 Februari 1982

Dada,

Mwaka mzima hujaniandikia ila kadi ya Krismasi, na hiyo ilikuwa na saini ya mama tu. Haya, umekasirika vya kutosha.

Jumanne ijayo ni siku ya kuandikisha wagombea, na mimi nina wageni wa kamati. Naambatanisha karatasi zangu, nimeshatia saini. Zifikishe kwa karani wa kaunti kama kawaida yako, maana unajua mlango ukifungwa jioni umefungwa mpaka miaka miwili. Hakuna ninayemwamini kwa hili ila wewe.

Uchaguzi wa Juni ndani ya chama utakuwa mwepesi, sioni mtu. Na Novemba upande wa pili hawajasimamisha mgombea tangu sijui lini.

Onofre


Cañada Honda, 2 Machi 1982

Onofre,

Karatasi zako nimezifikisha asubuhi karani alipofungua. Nimesubiri mpaka amegonga muhuri, nimeondoka na risiti, hii hapa ndani ya bahasha. Hakuna atakayesema sikuzifikisha.

Kisha nimekwenda kula tamale moja la unga wa mahindi kwenye gari la mama Nievecita muuza chakula pale nje ya mahakama, nimelitafuna nusu saa nzima. Nimerudi ndani nikatoa karatasi zangu.

Kiti kilekile. Watu wa mifereji ya bonde waliniomba tangu Desemba na nikakataa mara tatu. Nilidhani utakuja mwenyewe kuandikisha, tuonane uso kwa uso, nikuulize mara ya mwisho kama utaifuta ile sheria. Umetuma bahasha.

Dada yako bado,
Eufelia Abeyta


Santa Fe, 5 Machi 1982

Kikulacho ki nguoni mwako! Wahenga hawakukosea. Mimi natafuta adui upande wa pili wa ukumbi kumbe adui anakaa jikoni kwa mama.

Unajua watu wananiambia nini humu? "Abeyta, hata nyumbani kwako umepinduliwa?" Mzee Tuttle amestaafu na yeye kanipigia simu kunipa pole kama mtu aliyefiwa. Jitoe, Eufelia. Bado kuna siku. Jitoe nami nitasema ulikuwa utani wa kifamilia. Wewe hujawahi kuhutubia hata harusi.

O. Abeyta


Cañada Honda, 10 Machi 1982

Kikulacho? Nguo hiyo mimi ndiye niliyekufulia miaka kumi na sita, nikaipiga pasi, nikakuvalisha, nikakubishia hodi milango yote ukiwa nayo. Hakuna doa la nguo hiyo nisilolijua na hakuna hata moja nililomwonyesha mtu. Kaa ulifikirie hilo kabla hujaniandikia tena kwa herufi moja ya jina.

Sijitoi.

Eufelia


Santa Fe, 3 Mei 1982

Dada mpinzani,

Ulikuwa wapi Jumapili kwenye mkutano wangu wa ukumbi wa shule? Ungesikia. Watu walisema eti nimesahau mfereji. Nikasimama nikawaambia: "Miaka kumi na sita kipande cha Abeyta hakijakosa mtu! Nilipobanwa nilimweka Tranquilino, na kazi ikafanyika, don Belarmino ni shahidi!" Ukumbi mzima ukanyamaza kwa heshima. Hata mtoto hakulia. Nilimwona don Belarmino akivua kofia na kuikazia macho.

Sasa waambie hao wanaokudanganya.

Onofre


Cañada Honda, 6 Mei 1982

Mheshimiwa Onofre Abeyta,

Mimi si mtu wa barua, lakini baba yako alikuwa rafiki yangu na sitaki uendelee kusimama mbele za watu na kusema uliyosema Jumapili.

Tranquilino alifanya mfereji asubuhi moja mwaka 1971. Mchana alipata gari la kwenda migodini Colorado na hajarudi mpaka leo. Kipande chenu kikabaki wazi. Nilikuwa nakaribia kuandika kwamba nyumba ya Abeyta imekosa, ndipo dada yako akaja kutoka jikoni na aproni yake, ameshika koleo lako la mpini wa mwaloni. Wanaume wakacheka. Mpaka jioni walikuwa wameacha. Mwaka uliofuata akaja tena, na unaofuata, hadi Aprili hii tuliyotoka nayo. Alinisihi nisikwambie, nisije nikakuvunjia jina.

Ukumbi ulinyamaza kwa sababu tulikuonea aibu. Kila mtu mle ndani anajua ila wewe.

Na kwa heshima ya marehemu baba yako, usinitaje tena kuwa shahidi.

Belarmino Quintana
Msimamizi wa mfereji


Santa Fe, 9 Mei 1982

Eufelia,

Kwa nini hukuniambia? Miaka kumi na moja! Uliniacha nikaenda kusimama pale kama zuzu. Hii ndiyo silaha uliyokuwa umeificha?

Na viganja. Uliniandikia kazi za bustani. Mwezi wa Aprili, kule kwetu, bustani gani?

Sijalala tangu barua ya mzee ifike. Naondoka kitandani, nazunguka lile jengo la duara mchana kutwa, watu wananisalimu siitiki. Niambie kwa nini.

Onofre


Cañada Honda, 13 Mei 1982

Ningekuambia, ungekuja?

Jibu mwenyewe, usiniandikie. Mimi nililijibu zamani na ndiyo maana nilinyamaza. Silaha ningeitoa ukumbini, mdogo wangu. Watu wamenisihi niseme jukwaani nimekataa, kwa sababu nagombea maji, sigombei kukuumbua.

Lakini na mimi nina kosa. Nimekufunika mno. Ulipolowa nilikukausha, ulipokosa nilikujazia, na wewe ukaona dunia ni kavu na imejaa. Mama ananiambia hivyo kila siku, na kila siku namwambia anyamaze apike.

Tutaonana Juni mosi kituoni siku ya kura. Vaa koti, asubuhi bado kuna baridi.

Eufelia


Santa Fe, 8 Juni 1982

Dada,

Wamehesabu tena kama watu wako walivyotaka, na jibu ni lilelile. Nimeshinda kwa kura moja. Vijiji vya juu vilinipa kwa ajili ya lami, vya chini vyote vilikwenda kwako. Wananipigia makofi humu, wananiita Abeyta wa Kura Moja, wamesahau andazi.

Sina furaha, nakuambia kweli. Nimeona matokeo ya kituo chetu cha nyumbani. Nimepata kura mbili. Mbili, Eufelia, kijiji nilichozaliwa! Moja ni yangu. Mama aliniambia mlangoni, mbele ya foleni nzima, "Mimi nimempa binti yangu," na akanifungia kifungo cha koti. Don Belarmino hata sihitaji kuuliza.

Basi hiyo ya pili ni ya nani? Wewe unawajua wote. Nataka niende nyumbani kwake nimshike mkono. Nahisi kama yuko mtu mmoja tu aliyebaki upande wangu duniani na simjui.

Onofre


Cañada Honda, 14 Juni 1982

Onofre,

Nimeandika barua hii na kuichana, na kuiandika tena.

Ni yangu.

Niliingia kibandani nikavuta pazia. Majina yetu mawili yamepangwa pamoja, Abeyta na Abeyta, la kwangu juu kwa sababu ya herufi. Nilikuwa na watu wote wa mfereji nyuma yangu kwenye foleni, don Belarmino na viatu vya kanisani, wanawake waliotembea mwezi mzima nami milima na mabonde. Niliyajua yote hayo. Kisha nikakumbuka ulivyosimama kule nje peke yako na hakuna anayekuongelesha, na mkono wangu ukaenda kwako. Sikufikiri. Nilidhani kura moja itakuwa kitu gani, nitakuwa nimeshinda kwa mia, acha apate mbili asipate moja. Nisingevumilia upate moja.

Fanya hesabu mwenyewe, uliisomea. Ningejipa mimi, kiti kingekuwa changu.

Nimewasaliti, Onofre. Nawapikia, wananifariji, wananiambia safari ijayo, comadre, dada yetu, na mimi nawatazama machoni. Padre nimemwambia akasema si dhambi kumpigia kura ndugu. Padre halimi.

Sikwambii ili unihurumie, wala usithubutu kujitoa na kuwaletea watu vurugu nyingine. Nakwambia kwa sababu sitaki kulibeba peke yangu. Vyote vyako nimevibeba peke yangu, hiki tubebe wote. Kiti umekikalia kwa mkono wangu. Januari nenda ukafanye nilichotaka kwenda kukifanya mimi.

Dada yako,
Eufelia


Santa Fe, 12 Machi 1983

Dada,

Barua yako ya Juni sikuijibu mpaka leo. Nilikuwa nikianza "Dada" naishia hapo.

Leo asubuhi muswada wangu wa kuifuta sheria ya maji umefika ukumbini. Mwenyekiti wa bajeti alinifuata tangu jana, akaanza kwa upole, akamaliza kwa kunitajia lami ya vijiji vya juu. Nikamwambia aing'oe akitaka. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Niliwaambia mfereji ni nini, nani anaubeba, na kwamba nyumbani kwetu kwa miaka kumi na moja ulibebwa na mwanamke mmoja kwa jina la mwanamume asiyekuwepo. Mwanamume huyo niliwaambia ni nani. Wengine walicheka. Mmoja alitoka nje.

Karani akaanza kuita majina. Jina langu ni la kwanza siku zote, hakuna wa kumtazama kabla yangu. Nikaitika.

Tumeshindwa, Eufelia. Si kwa kura moja, kwa nyingi. Nilidhani nikisimama tu itatosha, kama kwenye hadithi za watakatifu. Haikutosha. Miaka miwili nyuma ingetosha, nimehesabu, wakati ule tungeizuia. Kwa hiyo hili nalo ni langu, wala usijaribu kunipunguzia. Gazeti la kesho litaandika Abeyta upande wa walioshindwa. Mwonyeshe don Belarmino. Sitarajii aseme kitu.

Watoto wa Gaspar wameshauza, nimeliona jina lao kwa mwandikishaji wa maji. Kutakuwa na wengine, na sheria hii itahitaji mtu wa kuirudia muhula baada ya muhula mpaka achoke yeye au ichoke hiyo. Mimi nimekwisha, watu humu wananijua mno. Wewe hawakujui, na hutachoka.

Mwakani siku ya kuandikisha nenda na karatasi zako tu. Kibandani ukiona jina moja la Abeyta, huna mtu mwingine wa kumpa.

Mdogo wako,
Onofre